Majilio ni Kungoja, Si Ngoma

Kila mwaka ifikapo Disemba, mji wetu wa Mombasa hubadilika sura. Treni hushusha wageni kutoka bara, hoteli za Nyali na Diani hujaa, na foleni ya feri ya Likoni hurefuka hadi mtu akajuta kwa nini hakuondoka nyumbani alfajiri. Madukani hupigwa muziki wa Krismasi tangu Novemba haijesha, na kwenye baadhi ya milango husimamishwa miti ya plastiki iliyobandikwa pamba mfano wa theluji, kitu ambacho wengi wetu hatujakiona wala hatutarajii kukiona hapa pwani. Usiku ukiingia, mabaa nayo hukesha.

Sisi Waislamu hukaa barazani tukatazama, na hukumu yetu huwa tayari. "Hiyo ndiyo dini yao," husema mmoja, "kula na kunywa." Nami, wasomaji wapendwa, sitajitoa katika baraza hiyo. Nimekaa humo miaka mingi na nimeitikia maneno hayo zaidi ya mara moja. Leo nataka kuyatengua, na kwanza sina budi kueleza ilikuwaje nikatambua kwamba nilikuwa nikisema nisilolijua.

Jirani yangu wa ubavuni ni mama mtu mzima, Mkatoliki, Mtaita wa Bura, ambako misheni ya Wakatoliki ni ya tangu karne ya 19. Tumekaa ukuta kwa ukuta zaidi ya miaka 20. Mimi humwita Mama, naye huniita mwanangu. Ramadhani ikiandama, mama huyu hapiki mlangoni mchana, na wajukuu zake huwakanya wasile mbele ya watoto wetu. Na haipiti wiki ya mfungo asigonge mlango magharibi, mkononi ana bakuli la muhogo wa nazi, akasema, "Mwanangu, futuruni."

Mwaka mmoja, Ijumaa ya mwanzo wa Disemba, tulisoma hitima ya marehemu mama yangu. Tukapika pilau ya nyama, na kama ilivyo ada, nikamtuma mtoto ampelekee jirani sahani iliyosheheni. Kesho yake sahani ikarudi imeoshwa, na ndani yake maembe mawili, maana mtu wa adabu harudishi chombo kitupu. Lakini mwanangu akaninong'oneza kwamba alimwona yule mama akiwagawia pilau ile watoto wa nyumba ya tatu, na mwenyewe hakuonja hata punje.

Basi nikakasirika. Chakula cha hitima ya mama yangu! Nikajiambia labda ameona kinyaa, au pengine amedhani kimesomewa jambo baya. Sikumwuliza. Kwa muda wa siku nane nilipita mlangoni pake nikatoa salamu ya ncha ya ulimi, na yeye akinijibu kwa ukunjufu ule ule wa siku zote, jambo lililonizidishia hasira. Mke wangu ndiye aliyenitia adabu. Akaniambia, "Bwana, ugomvi gani huu wa mtu mmoja? Nenda ukamwulize." Nikaenda.

Nilimkuta sebuleni jioni, taa ya umeme ameizima. Mezani palikuwa na sinia ndogo iliyozungushiwa matawi ya mvinje, na juu yake mishumaa minne, mitatu ya rangi ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi. Miwili ilikuwa ikiwaka. Alinikaribisha kama kwamba sijamnunia hata siku moja. Nilipomweleza lililonikwama rohoni, kwanza alicheka, kisha akanyamaza.

"Mwanangu," akasema, "ile pilau ilinukia mpaka nikafunga dirisha. Lakini mimi Majilio yote sili nyama. Kanisa halinilazimishi, ni nia yangu niliyoiweka tangu mume wangu alipofariki. Namngoja Bwana. Nilidhani unajua."

Nilidhani unajua! Maneno hayo mawili yalinichoma kuliko matusi. Yeye anajua Shaaban yangu inakwisha lini. Anajua usiku wa 27 wa Ramadhani tunakesha. Anajua hata siku ya kuvunja jungu, tunapokula kwa pupa kana kwamba chakula kinatoroka kabla mwezi haujaandama. Mimi, baada ya miaka yote hiyo ya ukuta mmoja, sikujua kwamba na yeye ana siku zake za kujizuia. Kwa hivyo niliuliza, nikasoma, na haya ninayoyaandika ni yale ninayotamani ningeyajua kabla sijamnunia mtu mwema siku nane.

Neno Majilio limetoka katika kujilia, yaani kumjia mtu. Ndilo lililotumiwa na makanisa yetu kufasiri neno la Kilatini, adventus, maana yake kuja au kufika. Kipindi hiki huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, na kwa hivyo Jumapili yake ya kwanza huangukia baina ya tarehe 27 Novemba na 3 Disemba. Urefu wake ni siku 22 hadi 28. Kwa Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, hiyo ndiyo Jumapili inayofungua mwaka wa kanisa. Tuzingatie hapo: mwaka wao wa ibada haufunguliwi kwa karamu, hufunguliwa kwa kungoja.

Mwenye kuingia katika kanisa lao siku hizo ataziona alama za kungoja huko. Padri huvaa zambarau, rangi ile ile ya Kwaresima, ambayo kwao ni rangi ya toba. Katika Misa za Jumapili hizo Wakatoliki hawauimbi wimbo wa Utukufu, huuweka mpaka usiku wa Krismasi wenyewe. Jumapili ya tatu tu ndipo rangi inapolegezwa ikawa ya waridi, kuwaambia waumini kwamba nusu ya safari imekwisha na furaha i karibu. Ndio maana ya ule mshumaa mmoja wa jirani yangu uliotofautiana na wenzake.

Kwa hesabu hiyo, ndugu zangu, muziki tunaousikia madukani si wa kanisa hata kidogo. Krismasi ya kanisa huanza jioni ya tarehe 24 Disemba na kuendelea siku kadhaa, na desturi ya kale ni kuhesabu siku 12 mpaka sikukuu ya Epifania mwezi wa Januari. Wenye maduka huanza kupiga muziki wakati kanisa bado limenyamaza, na huuzima tarehe 26 wakati kanisa ndiyo kwanza limeanza kusherehekea. Sasa sisi tuliokuwa tukiihukumu dini ya watu kwa kelele za barabarani, tulikuwa tukiihukumu kwa vipimo vya muuza bidhaa.

Wala kujizuia kwa yule mama si jambo alilolizua. Katika karne ya 5, Askofu Perpetuus wa mji wa Tours, Ufaransa, aliwaamuru watu wake wafunge siku tatu kila wiki tangu sikukuu ya Mtakatifu Martini, tarehe 11 Novemba, hadi Krismasi. Kwa Wakristo wa Magharibi amri ya namna hiyo ililegea na mwisho ikaondoka, ikabaki nia ya mtu binafsi. Lakini kwa majirani zetu wa Ethiopia ingali hai. Waumini wa Kanisa la Othodoksi la huko hufunga zaidi ya siku 40 kabla ya Krismasi yao, ambayo huwa tarehe 7 Januari, na katika siku hizo hawali nyama, wala maziwa, wala siagi, wala mayai. Huiita saumu ya Manabii. Wakopti wa Misri nao wana saumu ya namna hiyo. Yule anayedai kwamba Mkristo hajui njaa ya ibada, na avuke mpaka wa Moyale akajionee.

Hata ile mishumaa ina kisa chake, tena kizuri. Mwaka 1839 katika mji wa Hamburg, Ujerumani, mchungaji mmoja wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, alikuwa akiwalea watoto maskini katika nyumba aliyoianzisha. Watoto, kama ilivyo tabia ya watoto wa dini zote, walikuwa wakimwuliza kila siku: je, sikukuu bado? Akatwaa gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa, midogo ya siku za kazi na mikubwa minne ya siku za Jumapili, wakawa wakiwasha mmoja mmoja. Basi kila mtoto akaweza kuuona kwa macho muda uliobaki. Sisi tuliokuwa tukipanda juu ya dari tukiwa wadogo kuutafuta mwezi wa Idd, tunaijua hamu hiyo.

Nikumbushe pia kwamba si Wakristo wote wanaoyaadhimisha Majilio. Makanisa mengi ya Kipentekoste hayana kipindi hiki, na miongoni mwa wenye nacho wako wanaokipita bila kukiangalia. Lakini ni nani kati yetu atakayeokota jiwe? Katika kumi la mwisho la Ramadhani, pale inapotakiwa misikiti ifurike, Biashara Street ndiyo inayofurika. Tunaswali tarawehe huku akili imeshikwa na bei ya kanzu na kitambaa cha dera. Ikiwa Mkristo amenyang'anywa Majilio yake na wafanyabiashara, Mwislamu naye ajichunge, maana duka ni lile lile na mwenye kuuza ni yule yule.

Sasa tufike kwenye kiini chake. Wakristo wanangoja nini? Wenyewe husema wanangoja kuja mara mbili. Kwanza wanajikumbusha kungoja kwa watu wa kale mpaka alipozaliwa Masihi huko Bethlehemu. Pili wanangoja kurudi kwake mwisho wa dunia, na masomo ya mwanzo wa Majilio kanisani huhusu zaidi jambo hilo, la kiyama na hesabu na kukesha, kuliko habari za mtoto na hori. Katika karne ya 12 Bernard wa Clairvaux, mtawa wa Kifaransa, akaongeza kuja kwa tatu, nako ni kuja kwake moyoni mwa mja kila siku.

Mwislamu akiyasikia haya hana haja ya kushangaa kama aliyesikia lugha ya ajabu. Sisi pia tunaamini kwamba Nabii Isa, alayhi salaam, atarudi. Katika Msikiti wa Bani Umayya huko Damascus, nchi ya Sham, kuna mnara unaoitwa Mnara wa Isa, na wengi huamini kwamba hapo ndipo atakapoteremka. Ndani ya msikiti huo huo kuna ziara ya Nabii Yahya, ambaye Wakristo humwita Yohana Mbatizaji, na ndiye anayetajwa sana makanisani katika Jumapili ya pili na ya tatu ya Majilio. Waislamu na Wakristo wote huizuru. Papa Yohana Paulo wa Pili aliingia msikitini humo mwezi wa Mei 2001, na haijulikani Papa mwingine aliyewahi kuingia msikitini kabla yake.

Na yule Bibi Maryam ambaye habari zake husomwa siku za mwisho za kungoja, sisi tuna sura nzima yenye jina lake. Tunamjua baba yake mlezi Zakaria, aliyemkuta na riziki mihrabuni, na ambaye ishara yake ilikuwa kutosema na watu. Tunamjua Maryam mwenyewe, mja mzito peke yake chini ya shina la mtende, uchungu umemshika, mpaka alipoletewa maji na tende. Kwa hivyo tukimwona Mkristo anangoja pamoja na Maryam, tujue kwamba anangoja na mtu tunayemheshimu.

Hapa pia ndipo njia zinapoachana, na si uungwana kulificha hilo. Mkristo anasema anayemngoja ni Mungu aliyefanyika mtu. Sisi tunasema Isa ni mja wa Mwenyezi Mungu na Mtume Wake, na kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Baina ya maneno hayo mawili hapana daraja la kujenga kwa tabasamu. Jirani yangu anajua hivyo nami najua hivyo, na katika miaka yetu yote hakuna aliyemwomba mwenzake ajifanye haamini anachoamini. Lakini kukataa itikadi ya mtu ni jambo moja, na kutojua anachokifanya nyumbani mwake ni jambo jingine. La kwanza ni haki yangu. La pili lilikuwa uvivu wangu.

Wako vijana watakaosema, "Hao ni watu wa bara, wana mambo yao na sisi yetu." Wamekosea. Ukristo wa pwani haukuja na treni. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na misheni ya Rabai ilianza mwaka 1846. Mwaka 1875 likaanzishwa kao la Frere Town ng'ambo ya kisiwa, likawa makazi ya watumwa walioachwa huru, na kengele yao ndiyo iliyopatia mahali pale jina la Kengeleni ambalo makondakta wa matatu wangali wakiliita mpaka leo. Wajukuu wa watu hao ni watu wa pwani. Wanazungumza Kiswahili chetu, wanakula wali wa nazi wetu, na wengine ni damu yetu.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu kutojuana si kosa dogo katika nchi yetu. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, wanamgambo wa Al-Shabaab walilisimamisha basi, wakawatenga abiria kwa dini zao, na wakawaua 28 waliowahesabu kuwa si Waislamu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Disemba 2015, walilisimamisha basi jingine karibu na El Wak, wakataka abiria watengane vile vile. Safari hii Waislamu wakakataa. Kina mama waliwapa wenzao wa Kikristo mitandio yao wajitande, na abiria wakasema kama ni kuua basi wauawe wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikuwa miongoni mwa waliopigwa risasi, na Januari 2016 akafariki hospitalini.

Nikiitazama kalenda ya kanisa, siku ile ilikuwa ndani ya wiki ya nne ya Majilio. Yawezekana kwamba hakuna mmoja ndani ya basi aliyelifikiria hilo. Lakini mimi nimelifikiria sana. Wale akina mama wa El Wak hawakuwa na wakati wa kusoma wala kuuliza. Walimtambua jirani kwa dakika moja, mbele ya bunduki. Mimi nilikuwa na miaka 20 na ukuta mmoja, na bado nilimnunia jirani kwa ajili ya sahani ya pilau.

Naam, mtu ataniuliza: je, tuwapongeze kwa sikukuu yao au tusiwapongeze? Masheikh wana kauli mbalimbali juu ya hilo, nami si mwenye kufutu. Kila mtu na amwendee mwalimu wake. Ninaloliomba mimi ni jepesi zaidi na wala halina hitilafu, kwa kuwa jirani ana haki yake katika dini yetu, awe wa imani yetu au asiwe. Tuulize kabla ya kuhukumu. Tusimwite Mkristo mlevi kwa sababu baa imekesha, kama tusivyopenda Mwislamu aitwe muuaji kwa sababu ya waliomwaga damu Mandera. Na tuwafundishe watoto wetu kwamba nyuma ya kelele za Disemba yuko mtu aliyezima taa, amewasha mshumaa, na anajihesabu nafsi yake.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji akisikia mgeni yuko njiani hufagia ua, huanika mikeka, hulipa deni la jirani na kupatana na aliyegombana naye, asije akaaibika. Hayo ndiyo Majilio kama nilivyoyafahamu, na hekima yake haimdhuru Mwislamu. Ramadhani nayo ni mgeni, na mauti ni mgeni, na kiyama ni mgeni ambaye dini zetu zote mbili zimetuonya tusikutwe tumelala.

Mwaka uliofuata tuliisoma tena hitima ya mama yangu katika siku zile. Mke wangu aliteleka sufuria mbili. Moja ilikuwa ya pilau ya nyama kwa ajili ya watu wote, na nyingine ndogo ya wali wa nazi, na samaki wa kupaka pembeni. Sahani ya pili niliipeleka kwa mkono wangu. Kesho yake ikarudi imeoshwa, ina maembe mawili, na safari hii mwanangu hakuwa na la kuninong'oneza.